Mke Mwenza wa Chini ya Ngazi

Lozells, Birmingham
6 Februari 2005

Baba Aida,

Salamu utapewa na watoto. Wameandika kwenye karatasi yao, Azizi kwa Kiswahili cha kuokoteza na Aida kwa Kiingereza kama kawaida yake. Mie nina hasira, na sitaki kukusalimu kwa unafiki. Kadi ya simu inakwisha kabla sijamaliza la kwanza, basi nimeona niandike.

Baba mkwe ameanguka, amevunjika nyonga, umekwenda kumuuguza. Hilo sina neno nalo. Yule mzee ananipenda na mie nampenda, mpe pole yangu kwa mdomo wako. Neno langu ni hili kabati la chuma chini ya ngazi. Umeniachia nyumba, watoto, hita inayogoma kila asubuhi na majirani wa kila namna, lakini ufunguo wa kabati la bunduki umekwenda nao Tanga. Kila nikipita na fagio naliona limenuna pale ukutani.

Fungate yetu ilipokwisha, mama yako, Mungu amrehemu, alinifunga shada la funguo kwenye pindo la kanga mbele ya shangazi zako wote. Akasema hakuna kufuli la mwanangu litakalofungwa mbele yako. Wakapiga vigelegele. Kwetu mke asiye na funguo ni mgeni, na hilo unalijua. Leo nina ufunguo wa mlango wa mbele, wa nyuma, wa banda la uani na wa sanduku la pasipoti. Wa kwake yeye sina.

Na usiniambie ni chuma tu. Mtu hatoki kitandani alfajiri ya Jumapili, na barafu imejaa kwenye vioo vya gari, kwa ajili ya chuma tu. Mtu haketi sebuleni na kitambaa na mafuta akasugua mbao polepole huku anatabasamu peke yake. Mie mgongo hujanisugua tangu Aida azaliwe. Ndiyo, nimeandika, na usiwasomee watu.

Nakuuliza kitu kimoja, na nataka jibu la kweli, si la kunituliza. Ana nini huyo ambacho mie sina?

Mke mkubwa,
Sikuzani


Makorora, Tanga
20 Februari 2005

Mama Aida,

Nimecheka mpaka baba akauliza kuna nini, nikamdanganya. Barua yako nimeificha chini ya godoro. Mzee ameanza kukaa mwenyewe, ila hataki kulishwa na mtu isipokuwa mimi, na dada amenuna kwa hilo. Kumbe nyumba zote ndivyo zilivyo.

La ufunguo si mimi, ni sheria. Leseni ina jina langu peke yangu, na polisi waliniambia wazi kwamba mtu mwingine wa nyumba ile, hata mke, asiweze kulifungua lile kabati. Wakijua unaweza, leseni inakwenda na bunduki inakwenda. Ufunguo mmoja ninao shingoni, naoga nao. Wa pili upo hapo nyumbani, na tafadhali usiutafute.

Sasa hilo swali lako. Umetaka kweli, basi ivumilie.

Kiwandani mashine haikungoji. Mlango wa gari unakuja, unakaza skrubu, unakwenda, unakuja mwingine. Siku nzima pale Washwood Heath mkono wangu unamfuata mtu asiye na roho. Yeye wa kabatini ni kinyume chake. Hafanyi kitu mpaka mkono wangu ufanye. Risasi nazitia moja moja kwa kidole gumba, kwenye kijimlango cha pembeni, na kila moja naisikia ikisukumana na mwenzake. Chini ya triga kuna chuma kilichokunjwa kama pete kubwa, vidole vyangu vinaingia humo. Nashusha, napandisha. Kra-chak! Ganda linaruka, risasi mpya inaingia, na jicho langu halijatoka kwenye shabaha. Hakuna darubini, hakuna mtambo unaonisaidia. Ukifanya kwa woga inakwama. Ukifanya kwa moyo mmoja, kwenda na kurudi, inateleza kama droo ya fundi anayejua kazi.

Utotoni tulizitazama picha za kauboi pale sinema ya mjini mpaka mikanda ikawa inakatika. Wenzangu walitaka kofia na farasi. Mie nilitaka ile sauti. Tukirudi nyumbani nilikuwa naitoa kwa mdomo njia nzima.

Na zile mbao zake ni za mjozi. Nilipomnunua zilikuwa kavu, zimepauka. Nimezipaka mafuta ya kitani mpaka zimekuwa rangi ya chai nzito. Nyumba tunayokaa ni ya kaunsili, halmashauri ya mji, gari ni la benki. Ile rangi ni yangu, nimeifanya mimi.

Wewe una vyote vingine. Usimwonee wivu.

Kishore, katibu wa klabu yetu ya kulenga shabaha, yule Mhindi aliyezaliwa Nairobi, anaweza kukuletea tangazo la siku ya wageni, wasio na leseni wanapokaribishwa kujaribu. Litupe tu. Kule ni matope na baridi, hutapapenda.

Mumeo,
Jaffar


Lozells
13 Machi 2005

Baba Aida,

Umeniambia sitapapenda, basi nimekwenda. Watoto nimemwachia Sirad wa nyumba ya pili, nikavaa buti zako, nikapanda gari la Kishore. Nilitaka kupaona huko mwenzangu anakokupeleka.

Nimefahamiana na mwanachama mpya. Anaitwa Arsène, Mkongo wa Bukavu, anakaa Kings Heath. Kijana mtanashati, mrefu, shati limepigwa pasi hata kwenye matope. Kiswahili chake ni cha kwao, ananiambia "Muko muzima, mama?" lakini sauti yake, jamani, mtu anaweza kukaa akaisikiliza tu. Ana bunduki ya namna ya kwako, ila pembeni ina chuma cha rangi ya dhahabu kinachong'aa.

Akanisimamisha mbele ya shabaha. Akanishika bega, akalisogeza hivi, akaniambia nipumue. Nikafyatua, kisha nikaushusha ule mkono wa chuma, ile pete yako, kwa woga, ukakwama kama ulivyosema, nikaona haya mbele za watu. Mara ya pili nikaushusha na kuupandisha kwa hasira zangu zote. Loo! Jaffar, ile sauti. Nimeisikia mpaka kwenye meno. Ganda likaruka likanipita karibu na sikio, la moto, nikapiga kelele, kisha nikacheka peke yangu. Mwanzo risasi zilikwenda kwenye udongo. Baadaye nikaanza kutoboa karatasi, na ya mwisho kabisa ikaingia kwenye duara jeusi. Nikataka nyingine. Nikataka na nyingine tena. Nilirudi mikono inanuka baruti na sikutaka kuiosha.

Arsène anasema nina mkono. Anasema mwanamke wa siku ya kwanza hajapata kumwona akilenga hivyo. Amenikaribisha siku ya wageni ijayo, atanifundisha mwenyewe. Sijamjibu. Nangoja kusikia wewe unasemaje.

Mkeo,
Sikuzani


Makorora, Tanga
27 Machi 2005

Mama Aida,

Barua yako nimeisoma na kuirudia. Chuma cha rangi ya dhahabu, una hakika? Ni shaba yenyewe au kimepakwa? Kitako ni cha mjozi au cha mti mwingine? Mtutu ni wa duara au una pembe nane? Ukienda tena hebu tazama, na uniandikie.

Maana kama una pembe nane, ile bunduki ninaijua. Niliiona dukani mwaka jana, nikaishika, nikamwomba mwenye duka aniwekee mpaka polisi wanikubalie ya pili. Niliporudi akaniambia imechukuliwa na mtu wa Kings Heath. Sikula siku ile, na wewe ukadhani ni tumbo. Kumbe ni huyo! Roho inaniuma, Sikuzani, nikuambie kweli. Mimi niko huku nachemsha uji, yeye yuko kule anaifyatua kila Jumapili. Anaipaka mafuta gani? Mtu wa mashati ya pasi hawezi kujua kutunza mbao. Na anasimama wapi? Nafasi ya mwisho kulia, penye ukuta, ni yangu. Kishore anajua. Asiniharibie mahali pangu.

Leseni yangu inakaribia kuhuishwa, kwa hiyo ofisa wa polisi anaweza kuja kukagua. Nimemwandikia kwamba niko safarini, akasema atakuja tu kutazama kama kabati limeshikiliwa vizuri ukutani. Mpe chai, atazame, aende zake.

Baba anakusalimu. Sasa anagombana na dada, maana yake anapona.

Jaffar


Lozells
9 Aprili 2005

Jaffar,

Leo sikuiti baba wa mtu.

Nimekuandikia kwamba mwanamume amenishika bega. Wewe umeuliza kitako chake cha mti gani! Ukurasa mzima wa shaba na mjozi na mafuta, bega langu halimo. Ningekuandikia amenikumbatia ungeuliza bunduki aliiegemeza wapi.

Basi nikautafuta ufunguo. Nimepekua viatu vyako, makoti, mito, mpaka lile jiko la mkaa ulilolibeba kutoka nyumbani na hujaliwasha. Ulikuwa ndani ya kopo la kahawa, kwa kuwa unajua sinywi kahawa. Nimekaa miaka yote hii na mtu anayejificha nyuma ya kopo.

Nikafungua. Nilikuwa na matusi tayari, ya Tanga kabisa. Nikamtoa, nikakaa naye kwenye ngazi ya chini, nikamlaza magotini. Ni mzuri, Jaffar. Ningependa kusema vingine. Zile mbao pale shavu lako linapoegemea rangi imekolea zaidi. Nikaweka shavu langu hapohapo. Nikaushusha na kuupandisha ule mkono, bila risasi, taratibu, kwenda na kurudi. Wa bunduki ya Arsène unakwaruza. Huu unateleza. Nikafanya tena na tena mpaka Aida akaita kutoka juu kwa Kiingereza chake, mama hiyo sauti ya nini.

Hapo ndipo nilipoumia. Ningemkuta mbaya ningesamehe, ningesema mume wangu amerogwa. Lakini umempaka mafuta mpaka amekuwa vile, mwaka baada ya mwaka, kwa mkono uleule ambao mie ukinigusa ni kwa sababu nimesimama mbele ya friji.

Ufunguo nimeutia kwenye shada langu, kati ya wa mlango wa nyuma na wa sanduku la pasipoti. Na ile sheria yako umeitunga. Hakuna serikali inayoweza kukaa kitako ikaandika kwamba mke asishike ufunguo wa mumewe. Mie si mtoto.

Sikuzani


Makorora, Tanga
19 Aprili 2005

Sikuzani,

Nimepokea barua yako sasa hivi na naandika nimesimama posta. Simu haipokelewi. Sheria sijaitunga, wallahi sijaitunga! Utoe huo ufunguo kwenye shada leo hii, utie kwenye bahasha, unitumie huku kwa rejista. Ofisa akija, hujui lolote, hujauona, hujaugusa. Wakijua umelifungua wataninyang'anya, na sitapewa tena mpaka nife. Nimeingoja ile bunduki tangu nina kaptula.

Gomba na mimi nikirudi. Nitakaa chini nikusikilize. Ila hilo nifanyie.

Jaffar


Lozells
20 Aprili 2005

Mume wangu mpenzi,

Natumai wewe na mzee mmeamka salama, na chakula kinapita. Sisi tumejaa furaha. Hali ya hewa imekuwa nzuri, nimeanika nguo nje. Azizi ameng'oka jino la mbele na anajitazama kwenye kioo kutwa. Kwenye basi kila mtu anazungumzia kiwanda cha magari cha Longbridge kilivyofungwa, watu wanalia, nikamshukuru Mungu wewe uko kiwanda kingine, cha magari ya mizigo. Nilipika bokoboko nikakukumbuka.

Usiharakishe kurudi, baba anakuhitaji. Kazini wamekupa likizo, itumie.

Hivi wewe hujawahi kufikiria kuvua samaki? Sirad anasema mumewe anakwenda pale mferejini, anakaa na ndoano yake, anarudi ametulia kabisa. Nimewaza tu.

Akupendaye siku zote,
Sikuzani wako


Makorora, Tanga
3 Mei 2005

Mama Aida,

"Mume wangu mpenzi"? Kuvua samaki?

Tumeoana miaka mingi na hujawahi kuniandikia barua isiyo na tusi hata moja. Hukumtaja bunduki. Hukutaja ufunguo. Hukumtaja hata huyo Arsène. Nimempigia Kishore, anababaika, anasema muulize mama mwenyewe.

Niambie kilichotokea. Nimejikalia juu ya kitanda cha baba, nasubiri. Chochote kile, niambie.

Jaffar


Lozells
14 Mei 2005

Baba Aida,

Bunduki imechukuliwa. Nimeanza na hilo ili usilitafute chini.

Ofisa alikuja Ijumaa, siku chache kabla sijakuandikia ile barua ya samaki. Mtu mzima, mpole, ana masharubu meupe. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, nikampenda. Nikampa chai ya tangawizi na vitumbua. Akatazama kabati, akaligonga, akalitikisa, akaandika kitu, akaridhika. Alikuwa anaondoka, Jaffar! Alikwisha vaa kiatu kimoja. Na mie nikamwona anakwenda zake akidhani katika nyumba hii mie ni mtu wa kupika chai tu. Hilo likanichoma. Nikamwuliza, hutaki kuona ndani?

Akasema, mwenye ufunguo si yuko Afrika?

Nikainua shada nikalitikisa. Nikamwambia mwenye funguo za nyumba hii ni mie, na hakuna kufuli la mume wangu lililofungwa mbele yangu. Nikafungua mwenyewe, nikasimama pembeni nimeinua kidevu. Laiti ungeniona. Nilijiona mbele ya shangazi zako, nasubiri vigelegele.

Akakivua kile kiatu, akarudi ndani. Akaniuliza taratibu, mumeo anajua kama unao? Nikasema anajua, nimemwandikia. Nilidhani nakusaidia. Akaniambia pole sana mama, akatoa simu.

Wakaja wengine wawili na mfuko mrefu. Nikawasindikiza mpaka kwenye gari. Mmoja alimshika vibaya, pale mbele penye mbao, nikataka kumwambia atamchubua. Nikaona watanicheka.

Kwa hiyo sheria ilikuwa ya kweli. Nisamehe. Nimeandika neno hilo mara moja, usilisome kama la mchezo. Nilikuwa nataka atoke nyumbani kwangu, nililiomba jambo hilo mpaka kwenye sala. Sasa ametoka, na kila nikishuka ngazi naangalia upande mwingine.

Leseni wameifuta. Wamesema bunduki ama ihamie kwa mtu mwenye leseni, ama waikate vipande. Uamuzi ni wako na saini ni yako. Arsène amemwambia Kishore anaitaka, na polisi watamkubalia. Fomu zote mbili nimezitia humu, ya kwanza ya kumpa Arsène, ya pili ya kukata. Atamtunza, namjua.

Sikuzani


Makorora, Tanga
30 Mei 2005

Sikuzani,

Barua hii nimeiandika nikaichana, nikaiandika nikaichana. Za mwanzo zilikuwa na maneno ambayo mtu hamwambii mama wa watoto wake. Nimekukasirikia mpaka baba akaniambia nenda kalale, uji nitakoroga mwenyewe. Bado nina hasira. Nitakuwa nayo muda mrefu, uizoee.

Lakini kuna maneno yako mawili yamenikaa kooni. "Atamtunza, namjua." Unamjua tangu lini?

Umeniambia sikuuliza bega. Siku ile niliyoliona jina la Arsène mara ya kwanza niliacha uji wa baba ukaungua, sufuria tumeitupa. Nikachukua karatasi nikaandika, amekushika kwa mkono mmoja au miwili? Mkono ulikaa hapo kwa muda gani? Ulivaa lile koti la bluu? Nikasoma nilichoandika nikajiona mpumbavu, mtu mzima na ndevu zangu. Nikachana. Nikauliza shaba. Nikauliza mjozi. Hayo mwanamume anaweza kuyauliza akabaki na heshima yake. Kila nilipoandika neno kitako nilikuwa nawaza bega lako, Sikuzani, na wewe umenisoma kama mtu wa duka la mbao.

Fomu ya pili ndiyo niliyotia saini. Ikatwe. Najua Kishore atasema ni dhambi kuua kitu kizuri namna ile. Najua hata mimi nitajuta. Lakini huyo kijana aweke shavu lake pale pangu, aisikie ile sauti niliyoilainisha mimi, na wewe umesimama pembeni yake unafurahi? Hapana. Amekushika bega, inatosha. Yangu ile isiwe ya mtu.

Na sasa nauliza bila kuzunguka. Kuna nini kati yako na Arsène?

Jaffar


Lozells
15 Juni 2005

Baba Aida,

Fomu zilifika, nikakaa nazo mezani. Ya Arsène ilikuwa tupu, na saini yako naijua, si naiandika kwenye karatasi za shule za watoto kila muhula. Kishore alikuja akanisihi. Alisema mama, tia saini tu, Jaffar akirudi atakushukuru. Nikachukua kalamu. Nakuambia hivi ili ujue ilibaki kidogo.

Kisha akilini nikamwona mke mwenzangu yuko Kings Heath, ameegemezwa kwenye ukuta wa mtu mwingine, na wewe umepata sababu ya kwenda huko kila Jumapili. Mmekaa wawili mnamsifu, mnamgeuza huku na huku, wewe unamwonyesha Arsène namna ya kupaka mafuta. Mie niko nyumbani na vitumbua vyangu. Nikaiweka kalamu chini.

Nikaipeleka ile uliyotia saini. Nilipanda basi peke yangu. Yule ofisa mwenye masharubu alinisomea polepole, akaniuliza kama nina hakika. Nikasema mume wangu ameamua. Nikamwomba aniache niushushe na kuupandisha ule mkono wa bunduki mara moja tu, bila risasi, niusikie. Akasema hairuhusiwi. Jumanne akapiga simu kwamba wamemaliza kuikata.

Nimelia, Jaffar. Niliweka simu chini nikatoka kwenda dukani, na machozi yakanitoka mbele ya ndizi. Mama mmoja wa Kijamaika akanipa karatasi ya kufutia, akaniuliza nimefiwa na nani. Nikamwambia mke mwenzangu. Alinitazama, akachukua kikapu chake akaenda kwenye mstari mwingine. Nimemshinda, na sina hata mtu wa kumtambia.

Sasa swali lako. Nimelingoja tangu Machi. Nisikufiche, limenifurahisha. Barua yako nimeikunja na kuikunjua mpaka karatasi imelegea, na pale penye koti la bluu nimepasoma hata jikoni. Hujawahi kuniambia neno tamu kama lile la sufuria iliyoungua.

Lakini jibu silitii kwenye bahasha. Kwa simu pia silisemi, usijisumbue kununua kadi. Dada yako ameniambia mzee anatembea, anakwenda mwenyewe mpaka msikitini na fimbo yake. Huna tena sababu ya kukaa huko.

Njoo uniulize huku unanitazama.

Sikuzani